Kujihami mtaani: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yanarudi kila jioni baada ya mazoezi, kutoka kwa waendesha bodaboda, wauza maduka, wanafunzi na kina mama wanaotoka kazini usiku. Tuko Dar es Salaam, kwa hiyo sheria inayotajwa hapa ni ya Tanzania Bara. Aliye Nairobi au Mombasa ataona mengi yanafanana, ila upande wa sheria aulizie huko kwake.

## Kabla mkono haujanyanyuliwa

1. Kujihami si ndiyo kujua kupigana?

Kupigana ni kipande kidogo cha mwisho. Kujihami ni kufika nyumbani mzima, bila kesi polisi na bila kumwacha mtu amelala barabarani. Aliyeona kundi la vijana kwenye kona yenye giza akavuka barabara mapema amejihami vizuri kuliko aliyepita katikati yao akawashinda wawili. Tunalisema hili siku ya kwanza na wengi halijawapendeza, maana wamekuja kujifunza ngumi. Ngumi zipo, ziko swali la 7. Lakini mwenye haraka ya kufika huko ndiye tunayemhofia zaidi.

2. Ugomvi wa mtaani huanzaje?

Uko wa aina mbili, na ukizichanganya utaumia.

Kuna ugomvi wa heshima. Konda hajarudisha chenji, bodaboda imegusa kioo cha gari, mtu kakanyagwa kwenye foleni, Yanga kafungwa na shabiki wa Simba hanyamazi, fulani kamtania shemeji wa fulani. Hakuna anayetaka kuiba. Kila mmoja anapigania asidharauliwe mbele ya watu. Ugomvi huu huzimika, mradi kila upande upate njia ya kuondoka bila kuaibika.

Kuna uvamizi. Kibaka hana kinyongo na wewe. Anataka simu, pochi au mwili wako, na amekuchagua kwa sababu uko peke yako, umeinamia simu au umelewa. Watazamaji hawataki kabisa. Kwake maneno matamu hayasaidii. Kinachosaidia ni kumwona mapema, mwanga, kelele na miguu.

Mgomvi wa heshima hupaza sauti akiwa bado mbali. Mvamizi husogea kimya, au na swali jepesi: "Kaka, saa ngapi?" Ukiulizwa hivyo gizani, jibu huku unatembea na usiitoe simu mfukoni.

3. Mtu ananitukana mbele za watu. Nikiondoka si nitaonekana mwoga?

Utaonekana mwoga kwa dakika tano. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wazee walilisema hilo wakiwa wamezika watu.

Kinachowashinda wengi si ujasiri wa kuondoka, ni maneno ya kuondokea. Ukipandwa na hasira ulimi hutafuta tusi, kwa hiyo yaandae mapema na uyazoee kwa sauti. "Yaishe kaka, kosa langu." "Nisamehe mkubwa, sikukuona." "Tuyamalize, kila mtu ana safari yake." Anayekuzidi umri mwite mzee au mama hata kama amekutukana; mara nyingi heshima hiyo tu humrudisha kwenye utu uzima wake. Usiseme "tulia", kwa sababu mwenye hasira akiambiwa atulie huona anafanywa mtoto. Usiulize "unanijua mimi?" wala "utanifanya nini?", kwa kuwa hapo umemlazimisha ajibu kwa mkono. Usimguse, usimnyooshee kidole, usimtaje mama yake.

Kuomba radhi kwa kosa lisilo lako kunauma, na hatutakuambia vinginevyo. Ila abiria wa daladala hutamwona tena. Na kama mnaishi mtaa mmoja, kesho jambo hilo linaweza kurudiwa bila watazamaji, mbele ya mzee mnayemheshimu wote au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tumeona bifu za miaka mingi zikiisha kwenye kiti cha plastiki barazani kwa mtu.

Unapoondoka usigeuke ghafla ukampa kisogo. Rudi hatua chache ukiwa bado unamtazama, kisha upande, kisha nenda zako.

4. Nisimameje mtu akinijia juu?

Hili tunalifanyia mazoezi kuliko jambo jingine lolote. Mguu mmoja uwe nyuma kidogo na magoti yawe malegevu. Mikono iinuke hadi usawa wa kifua, viganja wazi vikimwelekea, kama mtu anayesema "basi kaka, basi". Anayetazama kwa mbali anaona mtu anayeomba amani, na kesho shahidi atasema hivyo hivyo. Wewe unajua kwamba mikono yako tayari iko kati ya ngumi yake na uso wako.

Kaa mbali naye kiasi kwamba hawezi kukugusa bila kupiga hatua. Akisogea, rudi nyuma kimshazari, usirudi kwa mstari mmoja hadi ukutani. Tupa jicho chini: mtaro, kokoto, ngazi, meza ya mama ntilie yenye mafuta ya moto. Watu wengi huumizwa na walichoangukia kuliko kilichowapiga.

5. Nitajuaje kwamba sasa anapiga?

Anayepiga kelele mara nyingi bado hajaamua. Ogopa pale anaponyamaza ghafla, au akianza kujibu kwa neno moja moja. Wengine huangalia kushoto na kulia kuona nani yupo, huvua saa au kofia, hukaza taya, hushusha bega moja nyuma. Mkono uliopotea mfukoni au nyuma ya mgongo ni habari mbaya kuliko tusi lolote. Ukiona mbili kati ya hizo, maneno yamekwisha: ondoka sasa, hata kwa kukimbia.

6. Na kama amelewa?

Usimjadili. Mlevi hasikii hoja, anasikia sauti tu, kwa hiyo sauti iwe ya chini. Mtafute rafiki yake na uzungumze na huyo. Kama mlevi ni wewe, hakuna mbinu ya kukusaidia zaidi ya kwenda kulala.

## Mkono ukishanyanyuliwa

7. Ikishindikana, nipige kwa nini na nipige wapi?

Kwa kiganja. Wanafunzi wapya hushangaa, lakini ngumi tupu ikigonga fuvu huvunja mkono wa mpigaji. Mfupa wa kiganja unaobeba kidole kidogo ndio huvunjika kwanza, na bondia hufunga bandeji na kuvaa glovu kwa sababu hiyo hiyo. Kuna na meno. Jino likichana kifundo cha kidole, uchafu wa mdomoni huingia ndani ya kiungo, na mkono unaweza kuvimba hadi ukahitaji upasuaji.

Tumia kitako cha kiganja kuelekea kidevuni au puani. Mkibanana tumia kiwiko, au goti kwenye kinena. Mguu upige chini, kwenye ugoko. Teke la juu la kwenye sinema liache huko huko. Ukiwa na ndala juu ya mchanga, anayeanguka ni wewe.

Piga mara mbili tatu mfululizo, sukuma, kimbia. Usibaki kutazama ulichofanya. Akianguka usimfuate, na swali la 14 linaeleza kwa nini.

8. Nimeangushwa chini. Nifanye nini?

Vuta kidevu kifuani ili kisogo kisigonge zege, na ulinde kichwa kwa mikono, viwiko vikiwa mbele. Lalia ubavu au mgongo, miguu ikimwelekea yeye, na umsukume kwa nyayo asisogee karibu. Kushikana naye na kubingirika kunafaa mchezoni palipo na mkeka. Mtaani rafiki zake wana viatu. Inuka kwa kuweka mkono mmoja chini na mwingine ukikinga uso, ukirudi nyuma mbali naye.

9. Nimepigwa roba kwa nyuma. Nina muda gani?

Mdogo sana. Roba ikikaa sawasawa hubana mishipa ya damu ya shingo, na mtu anaweza kupoteza fahamu kwa takriban sekunde 10. Kwa hiyo usitumie sekunde hizo kujaribu kumpiga aliye nyuma yako.

Shika mkono unaokukaba kwa mikono yako yote miwili, karibu na kiwiko chake, uuvute chini kwa uzito wako wote. Wakati huo huo ingiza kidevu ndani na ugeuze uso kuelekea kiwiko hicho, maana hapo ndipo penye nafasi ya koo kupumua. Shusha makalio, kanyaga mguu wake, geukia ndani. Hili halijifunzwi kwa kusoma. Tafuta mtu wa kufanya naye polepole, mkubaliane kwamba kofi moja pajani maana yake achia.

Na kwa kuwa roba siku zote ina mwenzake wa kupekua mifuko, ukiachiwa huku simu imekwenda, acha iende.

10. Ana kisu, panga au bastola.

Mpe anachotaka. Pochi itupe pembeni badala ya kumkabidhi mkononi, kisha nenda upande mwingine. Sema unachofanya kabla ya kusogeza mkono: "Simu iko mfuko wa kulia, naitoa." Usimkazie macho, usimwambie umemtambua.

Video za kunyang'anya kisu kwa mkono mmoja zimetengenezwa na watu wanaotumia visu vya mpira. Hata mwalimu wa miaka mingi hukatwa. Kama anataka uhai wako na si mali, kimbia. Kama huwezi kukimbia, weka kitu kati yenu: kiti, begi, baiskeli, mlango wa gari. Kukataa kupandishwa kwenye gari au kuingizwa kwenye pagale ndipo mahali pekee tunaposema pambana hata akiwa na silaha, kwa sababu unakopelekwa hakuna atakayekusikia.

11. Wakija kundi zima, kama ilivyokuwa kwa Panya Road?

Kundi halipiganwi. Ingia dukani, kwenye nyumba yenye taa, kwenye kituo cha mafuta, popote penye mlango na watu. Ukizingirwa, kimbilia pembeni mwa kundi palipo na mmoja, usibaki katikati. Dar ilipotikiswa na vijana wale wenye mapanga, mitaa mingi ilirudia mambo ya kawaida kabisa: taa za nje, namba za majirani kwenye kundi moja la simu, ulinzi shirikishi wenye orodha ya zamu. Namba ya dharura ya polisi ni 112, lakini jirani hufika kwanza.

## Kina mama na mabinti

12. Nashikwashikwa kwenye daladala, au kuna mtu ananifuata usiku.

Kwenye daladala sema kwa sauti, umtaje kwa nguo yake: "Wewe kaka wa shati la bluu, toa mkono wako mwilini mwangu!" Ukisema "jamani acheni" hakuna anayejiona ametajwa. Ukitaja shati, gari zima linageuka na konda analazimika kusema neno. Aibu ambayo alikuwa ameiweka kwako inarudi kwake.

Ukihisi unafuatwa, vuka barabara. Akivuka nawe, umepata jibu. Usielekee nyumbani kwako kama huko kuna giza. Nenda kwa muuza chipsi, kwa mlinzi wa geti, kwenye kijiwe cha bodaboda unachokijua. Mwamkie mtu kama unayemfahamu: "Shikamoo mjomba, nimechelewa!" Watu wa Dar huelewa upesi.

Akikushika, mbinu za swali la 7 na la 9 hazichagui jinsia. Kelele iwe kubwa na iwe ya neno: "Niache!" Usiogope kuonekana mkorofi.

Ukibakwa, nenda kituo cha afya au polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na humezwa kwa siku 28. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii huwakuta mahali pamoja. Kosa si lako kwa namna yoyote ile.

13. Anayenipiga ni mume wangu.

Dada, hili si suala la mbinu, na hatutakufundisha kupigana na mtu unayelala naye chumba kimoja. Weka vyeti, fedha kidogo na nguo za watoto kwa mtu unayemwamini. Zungumza na Dawati la Jinsia hata kama hutaki ashtakiwe leo. Akikukaba shingo hata mara moja, lichukulie kama tishio la kuuawa na utoke.

## Baada ya ugomvi

14. Sheria inaniruhusu kiasi gani?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali. Kifungu cha 18B kinaweka mpaka: nguvu iwe ya kadiri inayohitajika kwa utetezi huo. Ukizidisha unawajibika, na mtu akifa kwa nguvu iliyozidi, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 18C kinatambua hali nzito, kama vile kuokoa uhai au kuzuia kubakwa, ambapo utetezi unaweza kufika hadi kusababisha kifo.

Kwa lugha ya mtaani, haki yako inaishia pale hatari inapoishia. Alikuja, ukampiga, akaanguka: umejitetea. Ukamwongeza teke akiwa chini: sasa wewe ndiye mshambuliaji, na kwa kumjeruhi unaweza kufungwa. Kama mlikubaliana "twende nje", hakuna kujitetea hapo. Mmepigana hadharani, na hilo ni kosa kwa wote wawili.

15. PF3 naipataje, na kwa nini niharakishe?

Ni fomu ya polisi anayojaza daktari kuonyesha majeraha yako. Kenya ndugu zetu wana P3. Inatolewa kituo cha polisi unapotoa taarifa. Jeraha likiwa la hatari, wewe nenda hospitali na ndugu akimbilie kituoni. Harakisha, kwa kuwa uvimbe hupungua na michubuko hufifia, na daktari huandika anachokiona siku hiyo. Piga picha za majeraha na nguo, na chukua majina ya waliokuwepo kabla hawajatawanyika. Mwambie polisi mfuatano wa mambo, hasa kwamba ulijaribu kuondoka.

16. Jeraha lipi la kuogopa?

La kichwa, kuliko yote. Mtu anaweza kuzimia kidogo, akaamka, akaongea na kula, kisha saa chache baadaye akapoteza fahamu kwa sababu damu ilikuwa inajikusanya taratibu ndani ya fuvu. Asiachwe alale peke yake usiku huo. Akitapika zaidi ya mara moja, akichanganyikiwa, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au akitokwa na maji au damu sikioni, ni hospitali mara moja. Dar, wengi wa namna hii huishia MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili.

Kisu kilichobaki mwilini usikichomoe. Kizungushie kitambaa kisitikisike. Damu inayotoka kwa nguvu ibane kwa kitambaa na kiganja bila kufungua kila mara kuchungulia. Aliyeng'atwa, au aliyekatwa na kitu kichafu, aulizie sindano ya pepopunda.

17. Simu imeibiwa. Naanzia wapi?

Anza na laini, si simu. Pigia mtandao wako waifunge, kwa sababu pesa iko kwenye laini. Kisha toa taarifa polisi ukiwa na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ambayo unaipata leo, kabla hujaibiwa, kwa kubonyeza *#06#. Iandike nyumbani.

## Mambo yenye utata

18. Niingilie ugomvi wa wengine?

Ukiwa na mwenzako, ndiyo, kwa sauti na si kwa mwili: kila mmoja amchukue wa kwake na ampeleke mbali. Usimshike mikono mmoja peke yake, maana utakuwa umemshikia mwenzake ampige. Penye silaha, kaa mbali na upige simu.

19. Nibebe kisu au bisibisi kwa usalama?

Hapana. Mwenye kisu huchelewa kuondoka kwa sababu anajua anacho, na kisu kikichomoka, ugomvi wa chenji unageuka kesi ya mauaji. Tochi na filimbi vinatosha.

20. Nijifunze mchezo gani?

Ulio karibu na nyumbani, wenye mwalimu anayewaacha mshindane kwa kweli lakini kwa usalama. Ndondi itakuzoesha kupigwa usoni bila kufumba macho. Judo, ambayo Zanzibar imekuwa na wachezaji tangu miaka ya 1990, itakufundisha kuanguka, na kuanguka ndiko kunakookoa watu. Karate hutegemea mwalimu. Mkimbie anayekuahidi mbinu za kuua.

Ila kila mchezo una mpaka. Hata Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wanapochapana kwa migomba, kila mtu anajua silaha ni ipi, uwanja ni upi na kwamba vinyongo vinabaki pale. Mtaani hujui mwenzako ana nini mfukoni.

21. Nimesikia mtu akipiga kelele "Mwizi!" wakati wa ugomvi ili asaidiwe. Inafaa?

Kamwe. Kwenye mitaa yetu neno hilo limeua watu kwa mawe na matairi, na wengine walikuwa na deni tu au walikosana na mtu. Ukitaka msaada, piga kelele ya kilichopo: "Nisaidieni, ananipiga!" Ukilitumia neno hilo kumkomoa mtu akauawa, umeshiriki.

22. Na nikiitiwa mwizi mimi?

Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu silika inakuambia kimbia, na ukikimbia umati unaamini. Kama watu bado ni wachache, simama, mikono ionekane, useme kwa sauti jina lako, unakoishi na mtu anayekujua pale. Usibishane na anayekushutumu. Chagua uso mmoja katika umati, mama mtu mzima au mzee, na uzungumze naye: "Mama, nipelekeni kwa mwenyekiti, nipelekeni polisi, nipekueni." Ukiomba mwenyewe kupelekwa, wapo watakaoanza kusita, na hao ndio unaowahitaji.

Sogea nao kuelekea mlango wowote: duka, msikiti, kanisa, ofisi ya serikali ya mtaa, kituo cha bodaboda unapofahamika. Jiwe la kwanza likirushwa, mazungumzo yamekwisha. Linda kichwa na uingie ndani ya mlango huo kwa nguvu zote. Na kama wewe ni mpita njia unayeliona tukio hilo, piga 112, kisha anza kupaza sauti ya "apelekwe polisi!" hadi wa pili na wa tatu waipokee.